Althea Gibson: Bingwa Aliyesitiriwa na Mwenziwe

Katika miaka ya 1990 nilihamishwa kutoka Mombasa nikapelekwa Kitui, nikafundishe katika shule moja ya wasichana. Mtu wa pwani akipelekwa bara huhesabu miezi, nami nilihesabu. Lakini Kitui haikuwa ugenini kama nilivyodhani. Wakamba na watu wa pwani wamejuana tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, kabla ya reli kufikiriwa, na pale mjini adhana ya alfajiri niliisikia kama niko kwetu Kibokoni. Nilichokikosa ni samaki na upepo wa bahari tu.

Shuleni nilikabidhiwa timu ya tenikoiti. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, tenikoiti ni nduguye tenisi asiye na fedha. Wavu upo na mistari ya uwanja ipo, lakini hakuna raketi wala mpira. Hurushwa pete ya raba, nayo hudakwa kwa mkono mmoja na kurudishwa papo hapo kabla haijagusa chini. Huchezwa na mtu mmoja mmoja au wawili wawili. Mimi nilikuwa na jozi moja niliyojivunia sana: mmoja binti wa Kiislamu kutoka pwani, mwenziwe binti wa Kikamba wa papo hapo Kitui.

Siku moja tuliwapeleka Makueni kushindana. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, jua linawaka, na watu wamejaa pande zote, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume. Mchezo ulifika mwisho alama zikiwa sawasawa. Yule wa pwani alijirusha kudaka pete, akaidaka, akairudisha, lakini akaanguka, na mtandio ukamtoka kichwani. Pete ikarudi upande wa mwenziwe. Ilikuwa pete nyepesi ambayo hata mtoto angeidaka. Hakuidaka. Aliiacha ianguke, akavua sweta yake, akaitandaza kama pazia mbele ya rafiki yake mpaka akajifunga vizuri. Alama ile ilitupotea, na ushindi ukaifuata.

Njiani kurudi Kitui nilimkemea yule mtoto mbele ya wenziwe wote. Nilimwambia kuwa mchezo una wakati wake, na kwamba angedaka kwanza kisha akamshughulikia rafiki yake. Hakunijibu neno. Alitazama dirishani mpaka tulipofika.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kustaafu na kurudi Mombasa, nilisoma habari za maisha ya bibi mmoja Mmarekani Mweusi, bingwa wa tenisi aliyekwisha kufariki. Humo nilikuta kisa kilichonirudisha Makueni mara moja. Bibi huyo ni Althea Gibson, naye ndiye ninayetaka kuwasimulia leo.

Althea alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walilima pamba katika shamba lisilokuwa lao, wakigawana mavuno na mwenye ardhi. Hali ilipokuwa ngumu, jamaa ile ilihamia New York, katika mtaa wa Harlem, ambako Weusi wengi walikuwa wakikimbilia kutafuta riziki.

Harlem ilimlea kwa mkono mgumu. Shule hakuipenda, na mara kwa mara alitoroka. Babake alimfundisha ndondi ili aweze kujilinda barabarani. Lakini Mungu akifunga mlango huu hufungua ule. Barabara waliyoishi ilikuwa ikifungwa magari nyakati za mchana ili watoto wapate mahali pa kuchezea, na hapo ndipo Althea alipoujua mchezo unaofanana na tenisi, unaochezwa kwa kibao badala ya raketi yenye nyuzi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa mchezo huo katika jiji zima la New York.

Mwanamuziki mmoja wa mtaani, Buddy Walker, alikiona kipawa chake akampatia raketi ya kweli. Majirani wakachanga fedha wakamlipia uanachama wa klabu ya tenisi ya Weusi iliyokuwa Harlem, na mwalimu wake wa kwanza, Fred Johnson, alikuwa mtu mwenye mkono mmoja. Nataka msomaji ayaweke haya moyoni. Bingwa huyu hakuinuliwa na mali ya mtu mmoja. Aliinuliwa na mchango wa watu wasio na kitu.

Katika zama zile tenisi ya Marekani ilikuwa na nyumba mbili. Weupe walikuwa na chama chao na viwanja vyao vizuri, na Weusi walikuwa na chama chao na mashindano yao. Katika chama cha Weusi Althea alishindwa fainali ya wanawake mwaka 1946, lakini kuanzia 1947 hadi 1956 alikuwa bingwa kila mwaka, miaka 10 mfululizo.

Madaktari wawili Weusi walimwona mwaka ule wa 1946, wakaona kuwa msichana huyu akipata elimu na mazoezi atafika mbali. Dakta Hubert Eaton wa North Carolina alimchukua nyumbani kwake wakati wa masomo, na Dakta Walter Johnson wa Virginia alimchukua wakati wa likizo ya kiangazi. Huko kusini alirudi darasani akiwa mtu mzima baina ya watoto. Katika mabasi Weusi walilazimishwa kukaa viti vya nyuma. Alikaa, akameza uchungu wake, akasoma. Mwaka 1949 alimaliza masomo ya sekondari, na mwaka 1953 alihitimu katika chuo kikuu cha Florida A&M.

Hata hivyo mlango wa mashindano makubwa ya taifa lake, yaliyokuwa yakifanyika Forest Hills, New York, ulikuwa bado umefungwa. Aliyeugonga kwa nguvu alikuwa mwanamke Mweupe, Alice Marble, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1939. Mnamo Julai 1950 Alice aliandika katika jarida la tenisi akiwakemea wenziwe kwa kumfungia nje msichana huyu kwa sababu ya rangi yake tu. Haya iliwashika. Mwezi uliofuata Althea alicheza Forest Hills, Mweusi wa kwanza katika mashindano yale, akiwa na umri wa miaka 23.

Katika raundi ya pili alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa wakati huo. Waligawana seti mbili za kwanza, na katika seti ya tatu Althea alikuwa mbele kwa michezo 7 kwa 6. Mara wingu likapasuka, mvua ya radi ikashuka, na radi ikaangusha sanamu ya tai ya jiwe iliyokuwa juu ya jengo la uwanja. Mchezo ukaahirishwa. Kesho yake Althea alishindwa 9 kwa 7.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Alicheza hapa na pale bila kupata taji kubwa, akawa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja Missouri, na inasemekana karibu aiache tenisi. Ndipo mwaka 1955 serikali ya Marekani ilipomtuma pamoja na wachezaji wengine watatu kutembelea nchi za Asia, zikiwemo Burma, India, Pakistan na Ceylon. Watu wa huko, ambao ngozi zao hazikuwa nyeupe, walimpokea kwa furaha kubwa.

Katika safari hiyo, huko India, Althea alikutana na Angela Buxton.

Angela alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Liverpool wa mwaka 1934, mtoto wa jamaa ya Kiyahudi. Babake alikuwa na mali, kwa hivyo dhiki ya Harlem hakuijua. Lakini kuna klabu za tenisi zilizomkataa kwa sababu ya dini yake tu, na wachezaji wenziwe wengi walikuwa wakimkwepa. Basi hawa wawili, mmoja akikwepwa kwa rangi na mwengine kwa dini, walijikuta wakila pamoja na kufanya mazoezi pamoja. Mwaka 1956 ulipofika, kila mmoja hana mwenzi wa kucheza naye wawili wawili, wakaamua kuwa jozi.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Katika tenisi ya wawili wawili uwanja hupanuliwa kutoka futi 27 hadi futi 36. Mchezaji mmoja hawezi kuulinda wote, hata awe na mbio za paa. Mmoja akisonga mbele kwenye wavu, mwenziwe hana budi kulinda nyuma. Mmoja akivutwa kando, mwenziwe huliziba pengo. Mabingwa wakubwa wamewahi kushindwa na wachezaji wa kawaida kwa sababu walicheza kama watu wawili waliokutana njiani. Wazee husema jifya moja haliinjiki chungu.

Mwezi wa Mei 1956 wote wawili walikuwa Paris katika mashindano ya Ufaransa. Wakati huo huo walikuwa wakicheza pia mmoja mmoja, na kwa bahati wakakutana wao kwa wao katika nusu fainali. Mchezo ukiwa mkali, kamba ya vazi la ndani la Althea ilikatika katikati ya uwanja, mbele ya maelfu ya watu. Angela, aliyekuwa mpinzani wake siku ile, aliruka upande wa pili akamkinga kwa mwili wake mwenyewe, kisha wakatoka pamoja kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Walipokuwa ndani, wasimamizi walitaja kanuni: mchezaji aliyetoka uwanjani bila ruhusa amejitoa mashindanoni. Angela angekubali tu, fainali ilikuwa yake. Hakukubali. Alirudi uwanjani, wakaendelea, na Althea akamshinda.

Nilipofika hapo katika kusoma, niliweka kitabu chini. Niliiona sweta ya yule mtoto wa Kitui ikiwa imetandazwa juu ya udongo mwekundu wa Makueni. Sisi tunaolelewa na neno stara tangu utotoni, tunaofundishwa kuwa kumsitiri mwenzako ni jambo kubwa, ndimi niliyemkemea mtoto kwa kulitenda.

Althea alichukua taji la Ufaransa, Mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani. Yeye na Angela wakachukua pia taji la wanawake wawili wawili. Majuma machache baadaye wakaenda Wimbledon, na huko pia wakashinda wawili wawili, wakiwalaza Waaustralia Fay Muller na Daphne Seeney kwa seti 6–1 na 8–6. Mwaka uliofuata Angela aliacha mashindano kwa sababu ya maumivu ya mkono. Aliomba uanachama wa klabu yenye uwanja ule wa Wimbledon, na mpaka alipokufa mwaka 2020 hakuwa ameupata.

Althea aliendelea kupanda. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon na kupokea tuzo mkononi mwa Malkia Elizabeth, kisha akashinda na mashindano ya taifa lake. Mwaka 1958 akayashinda yote mawili tena. Katika wawili wawili alishinda Australia 1957 akiwa na Shirley Fry, Wimbledon 1957 akiwa na Darlene Hard, na Wimbledon 1958 akiwa na Maria Bueno wa Brazil. Kwa jumla alipata mataji makubwa 11: matano ya peke yake, matano ya wanawake wawili wawili, na moja la mwanamume na mwanamke.

Jiji la New York lilimpokea mwaka 1957 kwa maandamano makubwa, vipande vya karatasi vikimwagwa kutoka maghorofani kama mchele wa arusi. Muda mfupi baadaye alikwenda kucheza karibu na Chicago, na hoteli moja ikakataa kumpa chumba. Ndivyo dunia ilivyokuwa: mchana unashangiliwa, usiku huna pa kulala.

Na tuzo zile zote, msomaji, hazikuwa na fedha ndani yake. Mashindano makubwa ya wakati huo yalikuwa ya ridhaa, na mchezaji alipewa kikombe na masurufu ya safari. Hata mwisho wa mwaka 1958, akiwa bingwa wa dunia nzima, Althea alijikuta hawezi kujikimu. Akaacha tenisi ya ridhaa. Alirekodi nyimbo, akaigiza katika filamu, na mwaka 1960 akazunguka na timu mashuhuri ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, akicheza tenisi ya kulipwa na Karol Fageros kabla ya mechi zao. Hapo fedha alipata, lakini alipojaribu kuandaa ziara yake mwenyewe alipata hasara. Mwaka 1964 aliingia katika gofu ya kulipwa, Mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wa mchezo huo, lakini gofu nayo haikumtajirisha.

Milango ya fedha ilifunguka baada yake. Mwaka 1968 Wimbledon iliwaruhusu wachezaji wa kulipwa, na bingwa wa wanawake akapata pauni 750 wakati bingwa wa wanaume alipata pauni 2,000. Mwaka 1970 wanawake tisa walijitenga wakaanza mashindano yao ya kulipwa. Leo jozi ya wanawake ikishinda mashindano makubwa hupata fedha ambazo Althea hakuziona maishani mwake. Yeye alilima, wengine wakavuna, kama wazazi wake katika lile shamba la pamba.

Aliwahi kushika vyeo vya michezo katika jimbo la New Jersey. Lakini uzee ulimjia na maradhi ya kiharusi, na mtoto hakujaaliwa kupata. Katika miaka ya 1990 alikuwa amejifungia nyumbani East Orange, hana kodi ya nyumba wala fedha za dawa, na aliona haya kuomba. Siku moja, mnamo mwaka 1995, alimpigia simu Angela huko Uingereza. Alikuwa amekata tamaa ya kuishi, na simu ile ilikuwa ya kumuaga.

Angela hakuagika. Kwanza alimlipia madeni kwa fedha zake. Kisha, bila kumwambia Althea, akahakikisha kuwa habari za dhiki ile zimechapishwa katika jarida la tenisi. Barua zikaanza kuingia kutoka pembe zote za dunia, kila moja na chochote ndani yake, mpaka, inasemekana, zikakaribia dola milioni moja. Mtoto aliyelipiwa ada ya klabu na majirani wa Harlem alisitiriwa uzeeni na majirani asiowajua. Aliishi miaka mingine minane, akafariki tarehe 28 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 2019 sanamu yake ilisimamishwa New York kwenye uwanja wa mashindano ya taifa ya Marekani.

Sisi Wakenya tulipata kuonja utamu wa jambo hili mwaka 2022, pale msichana wetu Angela Okutoyi, aliyelelewa katika nyumba ya watoto Nairobi, alipokuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano makubwa ya tenisi. Alishinda huko huko Wimbledon, nalo lilikuwa taji la wasichana wawili wawili, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Nilipoisikia habari ile sikufikiria kikombe. Niliwaza kama wasichana wale wawili watakuja kujuliana hali watakapokuwa wazee.

Nimesema nilimkemea yule mtoto wa Kitui. Mwaka jana mamake yule binti wa pwani alifariki, nami nikaenda matangani. Jikoni, baina ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, nilimwona mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso kama wenyeji. Alikuwa yeye. Alipopata habari alipanda basi kutoka Kitui usiku ule ule, akaja na gunia la pojo, na alikuwa na siku tatu pale, akipika na kuosha vyombo kama mtoto wa nyumba.

Nilimwita pembeni nikamtaka radhi kwa yale niliyomwambia njiani kutoka Makueni. Alama za siku ile alikuwa amezisahau kabisa, hata tulioshindana nao hawakumbuki. Maneno yangu hakuyasahau. Alinishika mkono akasema yamekwisha, mwalimu, kisha akarudi jikoni, kwani mwenziwe alikuwa akimwita.